Mimba Ina Wiki Ngapi? Mjadala wa Guangzhou

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na muda wake kamili ni siku 280, yaani wiki 40. Kanuni hiyo hutumika katika kliniki za Dar es Salaam na Mombasa, na hutumika vilevile Guangzhou, jiji la kusini mwa China ambako wafanyabiashara wa Afrika hupanga vyumba na kukusanya mizigo katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Hata hivyo mjamzito mmoja akizunguka katika jiji hilo anaweza kuambiwa ana miezi saba, kisha ameingia mwezi wa nane, kisha ana wiki 30, na jioni ana wiki 28, na kila aliyemwambia akawa na hoja. Mjadala huu unaziweka hoja hizo katika vinywa vinne: Mkunga aliyesomea kazi yake pwani ya Afrika Mashariki; Fundi wa ultrasaundi katika hospitali ya Guangzhou; Bibi wa Kikantoni aliyesimamia uzazi wa wakaza wana wake; na Mfanyabiashara, mama wa Kiswahili mwenye mimba na tiketi ya ndege mkobani.

Mkunga ndiye anayefungua, na anafungua na kalenda. Hedhi huonekana, anasema, lakini kutungwa kwa mimba hakuna anayekuona. Basi watu wa kale walishika kinachoonekana. Mwanzoni mwa karne ya 19 Franz Naegele, profesa wa ukunga mjini Heidelberg, Ujerumani, alieneza kanuni aliyoijenga juu ya mafundisho ya Herman Boerhaave wa Leiden: shika siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, rudi nyuma miezi mitatu, ongeza siku saba. Aliyeanza hedhi tarehe 20 Februari 2023 anarudi hadi 20 Novemba, anaongeza saba, na tarehe yake ya matarajio inakuwa 27 Novemba 2023. “Hesabu hii haitaki umeme wala foleni,” anasema Mkunga. “Inataka mama akumbuke.”

Mfanyabiashara hataki kuipokea hivi hivi. “Nesi, mume wangu alitua uwanja wa Baiyun tarehe 5 Machi. Kabla ya hapo alikuwa Kariakoo miezi miwili. Sasa karatasi inasema mimba imeanza tarehe 20 Februari. Nikamwambie nini?”

Pingamizi hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwani tarehe ya hospitali ikisomwa kama tarehe ya tendo inaweza kuzua shutuma zisizo na msingi ndani ya nyumba. Jibu la Mkunga ni kwamba wiki mbili za mwanzo katika hesabu ya wiki 40 hazina mtoto. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hupevuka karibu siku ya 14, na mimba hutungwa hapo au kesho yake. Tarehe 20 Februari ukiongeza siku 14 unafika 6 Machi, siku moja baada ya ndege kutua. Mtoto mwenyewe, tangu kutungwa hadi kuzaliwa, hukaa tumboni siku 266 hivi. Zile 14 zilizobaki ni za kalenda.

Fundi anaongeza ushahidi ambao huwashangaza wengi. Mtoto wa kwanza wa China aliyetungwa nje ya mwili wa mama alizaliwa Beijing mwaka 1988, na tangu hapo maelfu kwa maelfu wamefuata. Kwa watoto hao siku ya yai kukutana na mbegu inajulikana kabisa, imeandikwa katika daftari la maabara. Lakini hata hapo madaktari huongeza siku 14 nyuma, ili mimba hiyo isomeke katika jedwali lilelile na mimba nyingine zote. Kwa maneno mengine, wiki za mimba ni umbali kutoka alama waliyokubaliana watu, nazo hazidai kuwa umri halisi wa mtoto. Alama hiyo ingeweza kuwekwa kwingine. Lililo muhimu ni kwamba wote wanaipima kutoka hapo.

Bibi amesikiliza kwa uvumilivu, na sasa ana neno. “Wanangu, mnahangaika na wiki. Mimba ni miezi kumi.”

Mfanyabiashara anacheka: “Bibi, kwetu ni tisa. Hata mtoto mdogo anajua.”

Bibi si mtu wa kudharauliwa hapa. Miezi kumi ni hesabu ya China tangu zamani sana. Katika makaburi ya Mawangdui karibu na mji wa Changsha, kwenye kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa katika miaka ya 1970, yalikutwa maandishi juu ya hariri yanayoeleza mimba mwezi kwa mwezi: mtoto anakuwaje, mama ale nini, aepuke nini, hadi mwezi wa kumi. Madaktari wa China wa leo nao huzungumzia “mwezi wa mimba” wa siku 28 kamili, na miezi kumi ya namna hiyo ni siku 280 bila kuzidi wala kupungua. Mwenye wiki 28 amemaliza miezi saba ya hesabu hii. Mwenye wiki 30 yumo katika wa nane.

Na tisa ya Waswahili? Nayo ni sahihi, kwa mizani nyingine. Miezi tisa ya kalenda ya kawaida pamoja na wiki moja ndiyo kanuni ya Naegele yenyewe, kwa kuwa kurudi miezi mitatu nyuma ni sawa na kwenda tisa mbele. Isitoshe, mwezi mwandamo una wastani wa siku 29 na nusu. Tisa za namna hiyo hufanya siku 266 kasoro robo hivi, ambao ni muda wa mtoto tangu kutungwa. Anayehesabu tangu siku ya mimba kwa mwezi wa mbinguni anapata tisa kamili. Anayehesabu tangu hedhi kwa mwezi huohuo anakaribia tisa na nusu, na kwa kuwa Wachina wa zamani walihesabu na kipande kilichoanza kama kizima, anasema kumi. Bibi na Mfanyabiashara wanabishana juu ya siku zilezile.

Ugumu wa kweli wa Bibi uko mahali pengine. Wanawake wengi wa umri wake mkoani Guangdong hukumbuka tarehe kwa kalenda ya mwezi, na kalenda hiyo, ili isiachane na majira ya mwaka, huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mwaka 2023 mwezi wa pili ulirudiwa. Mwezi wa pili wa kwanza ulianza tarehe 20 Februari, na ule wa nyongeza ukaanza 22 Machi. Mwanamke akisema “nilianza hedhi tarehe mosi ya mwezi wa pili” anaweza kuwa anataja siku mbili zilizopishana siku 30. Mimba ya wiki 36, ambayo ni njiti, na ile iliyozidi wiki 40 zinatofautiana kwa kiasi hicho tu. Ndiyo maana hospitali huomba tarehe ibadilishwe kwanza kuwa ya kalenda ya kawaida, ingawa China ipo pia njia ya kuhesabu kwa kalenda ya mwezi: miezi tisa ya mwezi mbele, kisha siku 14 au 15 badala ya saba za Naegele.

Njia hiyo ingemfaa pia mama wa Zanzibar anayekumbuka kwa Mfungo Mosi na Mfungo Pili. Kalenda ya Kiislamu haina mwezi wa nyongeza, kwa hiyo miezi tisa na siku 14 humfikisha kwenye siku 280 bila mtego. Ramadhani ya mwaka 1444 Hijria iliangukia karibu juu ya ule mwezi wa nyongeza wa Wachina: tofauti ya siku moja mbili tu, kwa sababu wao huanza mwezi siku mwezi unapokutana na jua, na Waislamu huungoja uonekane.

Hapa Fundi anaona kalenda zimetosha. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu ya mama, kwa mwezi wowote, ni msingi dhaifu. Wapo wenye mzunguko wa siku 35, ambao yai lao hupevuka karibu siku ya 21, na kwa hao kanuni ya Naegele hutangulia kwa wiki nzima. Wapo waliotoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango na hedhi yao haijatulia. Wapo walioshika mimba wakinyonyesha, kabla hedhi haijarudi kabisa, na hao hawana hata siku ya kuanzia. Wengine huona damu kidogo mwanzoni mwa mimba wakadhani ni hedhi, na hesabu yao ikachelewa mwezi.

Dawa yake ni picha ya mapema. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskochi, walitangaza picha za kwanza za ultrasaundi za tumbo la uzazi mwaka 1958. Mwaka 1973 Hugh Robinson, katika jiji hilohilo, akaonyesha kwamba mtoto mchanga wa tumboni anaweza kupimwa kutoka utosini hadi makalioni na urefu huo ukatoa umri wake. Siri iko katika mwendo wa ukuaji. Katika miezi mitatu ya mwanzo watoto karibu wote hukua kwa kasi moja, wa mama mrefu na wa mama mfupi, mvulana na msichana. Kipimo kikichukuliwa kabla urefu haujapita milimita 84, yaani ndani ya wiki 13 na siku 6, kosa lake kwa kawaida halizidi siku tano hadi saba. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, limependekeza kila mjamzito apate picha moja kabla ya wiki ya 24, na sababu ya kwanza iliyotajwa ni kukadiria umri wa mimba.

Guangzhou ni mahali ambapo hoja ya Fundi ina nguvu ya pekee. Katika Kituo cha Tiba cha Wanawake na Watoto cha Guangzhou ulianzishwa mwaka 2012 utafiti unaofuatilia watoto wa jiji hilo tangu tumboni, ukiongozwa na Qiu Xiu, na wanaoandikishwa ni wajawazito ambao hawajafika wiki ya 20. Ratiba ya kliniki yenyewe imejaa milango inayofunguka na kufungwa kwa wiki. Picha ya kupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto hufanywa kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6. Kipimo cha damu ya mama kinachotafuta vinasaba vya mtoto, kilichotokana na ugunduzi wa Dennis Lo na wenzake mwaka 1997, China hukifanya kati ya wiki 12 na wiki 22 na siku 6. Kisukari cha mimba hupimwa kati ya wiki 24 na 28. Aliyekosea hesabu kwa mwezi mmoja anaweza kukuta milango miwili imefungwa.

Mfanyabiashara anapenyeza swali, kwa kuwa yuko mbele ya skrini: “Daktari, na ni mvulana au msichana?” Hajibiwi. Sheria ya China ya afya ya mama na mtoto ya mwaka 1994 inakataza kutambua jinsia ya mtoto aliye tumboni isipokuwa kwa sababu za kitabibu. Fundi anaweza kumtajia siku za mtoto kwa usahihi wa wiki moja, na jinsia anaiacha mpaka uzazi.

Mkunga amekuwa akiungoja ukimya huo. Mashine, anasema, haioni umri. Inaona ukubwa, kisha inauliza jedwali ukubwa kama huo ni wa wiki ya ngapi. Mapema jibu ni zuri. Lakini baada ya wiki ya 28 kila mtoto amekwisha kushika njia yake, mmoja mnene, mwingine mwembamba, na kosa la kipimo linaweza kufika wiki tatu. Hatari iliyo mbaya zaidi ni hii: mtoto aliyedumaa kwa sababu kondo halimlishi vizuri huonekana mdogo, na fundi mwenye haraka humwandikia wiki pungufu. Kwa kalamu hiyo mtoto mgonjwa wa wiki 34 anageuzwa kuwa mtoto mzima wa wiki 31, na hakuna anayemwangalia tena.

Tena jedwali lenyewe ni la nani? Majedwali yaliyotumika sana kwa miaka mingi yalitokana na wanawake wa Uskochi na wa Texas. Fundi anajibu kwa mradi wa INTERGROWTH-21st, uliotoa matokeo yake mwaka 2014: wanawake zaidi ya 4,000 wenye afya na lishe njema walipimwa kwa njia moja katika miji minane, na ndani yake zimo Nairobi, Muscat na eneo la Shunyi la Beijing. Watafiti hao walihitimisha kwamba mama akiwa na afya, watoto wa tumboni hukua karibu sawa popote. Shirika la Afya Duniani, kwa utafiti wake uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha nchi kumi, Kongo ya Kinshasa ikiwemo, liliona tofauti kati ya nchi na nchi. Ubishi huo haujaisha, ila unahusu zaidi uzito na vipimo vya miezi ya mwisho. Kwa kukadiria umri katika wiki za mwanzo, mtoto wa mama wa Tanga na mtoto wa mama wa Guangzhou hupimwa kwa jedwali moja bila wasiwasi mkubwa.

Kati ya Mkunga na Fundi, basi, yupi asikilizwe? Wataalamu wa uzazi wa Marekani wameweka mipaka ambayo wengi wanaifuata kwa namna moja au nyingine. Anza na hedhi. Picha ya mapema ikitofautiana na hedhi kwa zaidi ya siku tano kabla ya wiki 9, au zaidi ya siku saba kati ya wiki 9 na 13, tarehe ibadilishwe ifuate picha. Kadiri mimba inavyokua, ndivyo tofauti inayovumiliwa inavyopanuka: siku 10 kati ya wiki 16 na 21, siku 14 hadi wiki ya 27, na siku 21 kuanzia wiki ya 28. Tarehe ikishawekwa kwa picha ya mapema, haiguswi tena. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kila picha mpya hutoka mashineni na tarehe yake mpya imechapishwa juu, na mama huamini ile ya karibuni.

Hilo ndilo lililomkuta Mfanyabiashara. Hedhi yake ni ya 20 Februari. Picha aliyopigwa wiki ya 9 ilipishana na hedhi kwa siku nne, kwa hiyo tarehe ya 27 Novemba ikabaki. Tarehe 18 Septemba ana wiki 30. Picha ya siku hiyo inasema 28. Tofauti ni siku 14, haijavuka 21. Umri unabaki wiki 30, na linaloulizwa sasa ni kwa nini mtoto ni mdogo. Atapimwa tena baada ya wiki tatu hivi ili ionekane kama anakua. Angekuwa hana hedhi anayoikumbuka wala picha ya mapema, picha ya Septemba ingepokewa kwa shingo upande, na kipimo cha kurudia kingekuwa cha lazima zaidi.

Lakini Mfanyabiashara anaipenda 28. Mashirika ya ndege ya China kwa kawaida humpokea mjamzito asiyezidi wiki 32 kama abiria mwingine. Baada ya hapo hudai cheti cha daktari cha siku chache zilizopita, na karibu na wiki ya 36 humkataa. Kontena lake halijafungwa. Kwa hesabu ya 30 anafika wiki 32 tarehe 2 Oktoba. Kwa hesabu ya 28 anapata nusu mwezi zaidi wa kuzunguka sokoni.

“Dokta, si karatasi yenyewe imesema 28? Andika hiyo.”

Mkunga na Fundi wanakataa kwa sauti moja, na ni mara yao ya kwanza kukubaliana. Uchungu ukianza mapema, sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto hutolewa kwa kutazama wiki, aghalabu kati ya 24 na 34. Hospitali itakayompokea, iwe ya Guangzhou au ya Dar es Salaam, itaamua kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi. Wanachomshauri ni kwamba tarehe ya matarajio iandikwe kwa tarakimu za kalenda ya kawaida, pamoja na siku ya picha ya kwanza na urefu uliopimwa, katika kadi zote mbili. Hospitali za China huandika “30+0”, maana yake wiki 30 na siku sifuri, na alama hiyo husomeka bila mkalimani.

Bibi naye ana haja yake na tarehe. Nyumba za Guangdong humwandalia mzazi miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa siki tamu na tangawizi, na siki hiyo huanza kuchemshwa kabla mtoto hajaja. Mfanyabiashara Mwislamu hataila, na Bibi ameshaambiwa. Atapikiwa mayai na tangawizi. Ila Bibi anataka kujua: ni tarehe 27 kweli?

Pengine sivyo. Watoto wanaozaliwa siku ileile ya matarajio ni wanne au watano katika kila 100. Hata mimba ambazo siku ya yai kupevuka ilijulikana kwa vipimo vya homoni hazikulingana: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 juu ya wanawake 125, muda kutoka yai kupevuka hadi uzazi ulipishana kwa siku 37 kati ya mimba fupi na ndefu, hata baada ya kuwaondoa njiti. Tarehe ya matarajio ni katikati ya uwanja mpana. Kabla ya wiki 37 mtoto ni njiti. Wiki 39 na 40 ndizo zinazohesabiwa kuwa za utimilifu wenyewe. Wiki 42 mimba imepitiliza, kondo linachoka na hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchungu uanzishwe mama anapofikisha wiki 41 bila kujifungua. Kwa Mfanyabiashara siku hiyo ni 4 Desemba 2023, ikihesabiwa kutoka hedhi ya Februari iliyothibitishwa na picha ya wiki ya 9. Kwa karatasi ya Septemba angengojwa hadi tarehe 18, na kwa tarehe ya kweli siku hiyo ni wiki 43.